Nyimbo Zilizotangulia Filamu

Chennai, nyimbo za filamu hutoka kabla ya filamu yenyewe. Hutangulia kwa wiki kadhaa, pengine miezi, na muda wote huo watu huishi nazo. Huzisikia redioni asubuhi wakienda kazini, huzipiga harusini, huziweka kuwa mlio wa simu, na hakuna ajuaye katika kisa chenyewe zitaimbwa na nani, kwa nini, wala mapenzi yanayosifiwa humo yataishia wapi. Filamu ikija, inakuta kila mtu keshazichukua nyimbo zile kwa mambo yake mwenyewe.

Nilikaa mji huo nikiwa mwanafunzi, na mwanzoni mwa 2010 nikaliona jambo hili kwa karibu, ndani ya nyumba moja. Filamu ilikuwa Vinnaithaandi Varuvaayaa, mwongozaji Gautham Menon, muziki wa A. R. Rahman. Ilitoka tarehe 26 Februari mwaka huo. Nyimbo zake saba sisi tulikuwa nazo tangu siku za Pongal, sikukuu ya mavuno inayoangukia katikati ya Januari, wakati kila mlango una michoro ya unga wa mchele na watoto wanatafuna miwa barazani.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nyimbo za Kihindi nilizikuta nyumbani. Shangazi zangu waliziimba kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujua maana ya neno hata moja, na Juma Bhalo alikuwa ameshatuonyesha kwamba mahadhi ya filamu za Bombay yanaweza kubeba shairi la Kiswahili likakaa sawasawa. Za Kitamil zilikuwa habari nyingine. Kitamil si lahaja ya Kihindi wala si ndugu yake. Ni lugha ya ukoo mwingine, yenye fasihi ya miaka kama elfu mbili, na Chennai ina studio zake, nyota wake na mashabiki wake. Ukimwambia mtu wa huko kwamba Rahman ni mwanamuziki wa Bollywood, atakusahihisha kwa upole, lakini atakusahihisha.

Na ni haki yao. Rahman ni mtoto wa Chennai, aliyezaliwa 1967. Baba yake, R. K. Shekhar, alikuwa akitengeneza muziki wa filamu za Kimalayalam. Akafariki mtoto akiwa na miaka tisa, na mama akailea familia kwa kukodisha ala alizoziacha marehemu. Kijana alipokua akajenga studio kwenye ua wa nyumba yao Kodambakkam, mtaa wa watu wa filamu, na mwaka 1992 India nzima ikamsikia kupitia Roja. Mapema 2009 alichukua Oscar mbili kwa Slumdog Millionaire. Ndiyo maana kisa hiki cha mapenzi, kazi yake ya kwanza na Gautham Menon, kilingojewa kwa hamu isiyo ya kawaida. Watu walitaka kujua kama bado ni wao.

Alikuwa bado ni wao. Hosanna ndiyo iliyoshika mitaa kwanza, sauti ya Vijay Prakash ikipanda bila kuonyesha jitihada, na hukupita mlango wa duka usiisikie. Omana Penne ya Benny Dayal ilifuata, halafu Aaromale, ambayo mimi naihesabu miongoni mwa vitu vikubwa alivyowahi kufanya Rahman: gitaa linaloingia taratibu, kisha Alphons Joseph, ambaye mwenyewe ni mtunzi wa muziki kutoka Kerala, anaachia sauti pana yenye machungu, na anaimba kwa Kimalayalam. Wimbo mzima wa Kimalayalam katika filamu ya Kitamil! Una sababu yake. Msichana wa kisa hiki, Jessie, ni Mkristo ambaye kwao ni Kerala, jimbo la Kimalayalam. Kijana, Karthik, ni Mhindu wa Chennai mwenye shahada ya uhandisi na ndoto ya kuwa mwongozaji wa filamu. Familia ya kijana imepanga chini, familia ya msichana ndiyo yenye nyumba na inakaa juu. Baba yake Jessie hataki kusikia habari ya Mhindu, sembuse mtu wa filamu.

Maneno ya Kitamil katika nyimbo zile yaliandikwa na Thamarai. Nataka nimtaje kwa heshima yake yote, kwa sababu watu humtaja Rahman wakaishia hapo. Ni mwanamke aliyesomea uhandisi Coimbatore kisha akaingia katika kazi ambayo wanawake walioifanya katika filamu za Kitamil ni wachache mno, na anajulikana kwa kukataa kuandika maneno machafu. Kazi yenyewe ina ugumu wake. Kwa kawaida mahadhi hutangulia na maneno hufuata: mtunzi wa muziki anakupa mahadhi yakiwa tayari, na wewe unatafuta maneno yanayoingia silabi kwa silabi, ndefu penye ndefu na fupi penye fupi, na bado yawe na maana na yawe mashairi. Anayejua namna Bhalo alivyokuwa akiyavika mahadhi ya India mashairi yetu ataelewa ufundi ninaousema. Thamarai aliufanya huku akiandika kwa kinywa cha mwanamume. Kule kubembeleza kote, kungoja kwenye ngazi, kuapa na kulalamika, ni mwanamke aliyekuwa akimtilia kijana maneno mdomoni. Nadhani ndiyo sababu Karthik wa nyimbo ana adabu kuliko Karthik wa filamu.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu ya paa, mtaa wa Saidapet, kwa mwalimu mstaafu wa Kitamil na mkewe. Niliwaita Appa na Amma kama watoto wao walivyowaita. Binti yao mkubwa nikamwita Akka, dada. Akka alifanya kazi katika kampuni ya kompyuta na alirudi usiku. Kila Jumamosi alinisuka nywele akanichomeka uzi wa asmini nyuma ya kichwa, na harufu ile ilinirudisha kwa bibi yangu moja kwa moja, kwa kuwa pwani yetu na pwani yao zinakutana katika ua hilo. Ni juu ya paa pale, nywele zangu zikiwa mikononi mwake, aliponieleza kwamba kuna mtu. Mfanyakazi mwenzake, Mtamil kama yeye, lakini Mkristo, kutoka Nagercoil kusini kabisa mwa nchi ile. Wazazi walishahisi. Hakuna aliyekuwa ametamka.

Nyumba ile ilikuwa ya heshima nyingi. Binti hakupandisha sauti mbele ya baba, hakukaa kabla hajaambiwa akae, na jambo la mapenzi yake halikuwa na mahali pa kuingilia katika mazungumzo. Halafu nyimbo zikaja. Akka akazinunua, akawa anazipiga kila jioni kwenye kompyuta yake pale sebuleni, na mimi nilichukua muda mfupi sana kujua kilichokuwa kikiendelea. Mtoto wa Mombasa hafundishwi jambo hili. Nimewaona wanawake kwenye taarabu wakiinuka na noti mkononi, wakienda mwendo wa kujivuta, wakifika kwa mwimbaji penye ubeti uleule unaomhusu jirani aliyekaa mstari wa tatu. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyejibu, na wote wameelewa. Akka hakuwa na noti. Yeye aliongeza sauti. Hosanna ilipofika pale kijana anapolalamika jinsi moyo ulivyomponyoka, mkono wake ulikwenda kwenye kitufe, na jikoni Amma akafunika sufuria kwa kishindo kuliko sufuria ile ilivyohitaji. Kesho yake hivyo hivyo. Walizungumza wiki nzima namna hiyo, mama na binti, na wala hawakutazamana.

Appa alikuwa haonekani kusikia. Mpaka ikaja Jumapili ya Mannipaaya.

Huo ni wimbo wa kuomba msamaha, Rahman mwenyewe akiimba na Shreya Ghoshal. Ghoshal ni Mbengali. Kitamil si lugha yake, na hata hivyo anakitamka kwa uangalifu ambao wenyewe wanaustahi, hata mimi niliyekuwa nikijifunza nilimfuata yeye kwa matamshi. Katikati ya wimbo, maneno ya Thamarai yanasimama, na inaingia beti ya Thirukkural, kitabu cha mshairi Thiruvalluvar ambacho kwa Watamil kiko juu ya vitabu vingine karibu vyote. Kina beti 1,330, sura 133 zenye beti kumi kila moja. Tulizisoma kila siku bila kukusudia, kwa sababu huandikwa ndani ya mabasi ya serikali, nyuma ya dereva. Kusini kabisa, Kanyakumari, sanamu ya mshairi huyo iliyozinduliwa siku ya kwanza ya mwaka 2000 ina urefu wa futi 133 kwa hesabu ya sura zake.

Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Appa alikuwa kwenye bembea ya mbao iliyoning'inia sebuleni, gazeti usoni. Amma na Akka wamekaa sakafuni, sinia la mchele kati yao, wanachambua mawe. Mimi naandika kazi ya chuo. Beti ilipoingia, bembea ikasimama. Appa alikunja gazeti mara mbili, akaliweka pajani, akaanza kuitamka ile beti mbele ya mwimbaji, yaani akimtangulia kwa neno zima, macho kafumba. Wimbo ulipokwisha akamwambia bintiye aurudishe. Ukarudishwa. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mgeni na mwanafunzi, akanisomesha.

Alinieleza kwamba beti ile inafungua sura ya nane, ya upendo. Maana yake, alivyoifafanua, ni kwamba upendo haufungiki kwa komeo; mtu akiona mpenzi wake anateseka, chozi dogo litamtoka na litatangaza yaliyomo ndani. Akanyamaza kidogo, akaongeza kama mwalimu anayetia alama nyekundu: watu wa filamu wameitoa mahali pake. Kitabu kina sehemu tatu, maadili, mali na utawala, na mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Beti hii haimo katika sehemu ya tatu. Imo katika ya kwanza, katika sura za wajibu wa mwenye nyumba. Thiruvalluvar alikuwa anasema juu ya upendo ambao mtu mwema anawapa watu wote.

Akka hakuinua uso kutoka kwenye sinia. "Appa," alisema, "watu wote ni akina nani?"

Amma aliacha kuchambua. Naikumbuka mikono yake miwili, imetua juu ya mchele. Appa alimtazama bintiye muda mrefu, na nilijua, na wote tulijua, kwamba hatuzungumzii tena kitabu. "Swali zuri," alijibu mwishowe. Ndiyo jibu ambalo walimu hulitoa wakiwa wanahitaji muda. Akafungua gazeti, bembea ikaanza tena. Lakini wiki mbili tatu baadaye, tukinywa kahawa, alimuuliza Amma kana kwamba anauliza bei ya nyanya, yule kijana wa Nagercoil baba yake hufanya kazi gani.

Nimeifikiria Jumapili ile miaka mingi. Kwetu kuna wazee, watu wazima ninaowaheshimu, wanaoamini kwamba nyimbo za mapenzi huharibu mabinti, kwamba msichana husikia kisha akaenda kutafuta alichokisikia. Niliyoyaona Saidapet yananifanya niwakatalie. Akka alikuwa anapenda mwaka na zaidi kabla Thamarai hajaandika mstari. Wimbo haukumpa mapenzi. Ulimpa mdomo, katika nyumba ambamo heshima ilikuwa imeufunga. Na ulimpa baba yake mlango wa kuingilia bila kudhalilika, maana alikuja kwa njia ya beti zake mwenyewe, alizozifundisha maisha yake yote. Kama Rahman na Thamarai wangetengeneza wimbo wa hivi hivi, wenye maneno mepesi ya kujaza mahadhi, baba angebaki nyuma ya gazeti. Ulikuwa mzuri kiasi cha kumlazimisha asikilize. Ubora wa kazi si pambo katika jambo kama hili. Ndio uliofanya yote.

Na wimbo una kikomo chake, nacho nilikiona. Wimbo ulilianzisha neno, lakini miezi iliyofuata walipaswa kukaa na kuzungumza kwa maneno makavu juu ya kanisa na hekalu, juu ya ndugu wa kijijini watasema nini, juu ya watoto watakaozaliwa watapewa majina gani. Hapo hapakuwa na mahadhi ya kusaidia mtu. Niliwasikia kutoka juu ya paa. Sitaki kuyaandika yote.

Filamu tulikwenda kuitazama Akka na mimi, wiki ya pili. Ukumbi ulijaa vijana waliozijua nyimbo zote, wakapiga miluzi Hosanna ilipoanza na wakaimba mpaka mwimbaji akamezwa. Walikuwa wamekaa nazo majuma yale yote, kila mmoja kajitungia harusi yake. Kumbe Jessie na Karthik hawaoani. Jessie anaolewa na mwingine, anahamia London. Karthik anafanikiwa kuwa mwongozaji na anatengeneza filamu kuhusu mapenzi yao, na katika filamu hiyo ya ndani ndimo wanamooana. Jessie halisi anaitazama akiwa mke wa mtu. Miluzi ilikwisha. Watu walitoka wakiwa na hasira ya kweli, kama walioibiwa.

Na kuna jambo ambalo wengi nje ya India kusini hawalijui. Gautham Menon alipiga kisa kilekile kwa Kitelugu pia, sambamba, na waigizaji wengine, Naga Chaitanya na Samantha, kwa jina Ye Maaya Chesave. Ilitoka siku ileile. Muziki ni uleule wa Rahman, mahadhi yaleyale, maneno yamebadilishwa kuwa ya Kitelugu. Na huko wapenzi wanaoana. Hosanna ileile inampeleka mmoja kwenye harusi na mwenziwe kwenye upweke. Kaka mdogo wa Akka ndiye aliyetuletea habari hizo, na Akka alizitafakari jioni nzima kabla ya kusema, "Basi nyimbo hazikuwa na kosa."

Sijasikia mhakiki aliyeisema filamu hiyo vizuri kuliko hivyo. Wimbo wa mapenzi haukuahidi mtu kitu. Unasema kweli kuhusu saa ile ya kupenda, na saa ile ni kweli hata kama kesho yake baba amekataa. Mtu akiudai harusi anaudai deni ambalo haukulikopa.

Akka aliolewa 2013, mimi nimesharudi Mombasa. Hawakuoana hekaluni wala kanisani. India ina sheria ya ndoa ya mwaka 1954 kwa watu wa dini mbili wasiotaka kubadili dini: unapeleka taarifa kwa msajili, jina lako linabandikwa ubaoni siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mnatia saini mbele ya mashahidi watatu. Siku 30 ni nyingi kwa familia yenye ndugu wanaopita njia hiyo. Amma alikuwa mmoja wa mashahidi. Appa hakwenda, alibaki nyumbani na wanafunzi wake wa tuisheni. Lakini hakuzuia, na aliyewahi kuishi katika nyumba kama ile atajua kutozuia kule kulimgharimu nini. Mwaka wa pili alianza kupokea simu za mkwewe. Wa tatu alisafiri kwenda Nagercoil.

Mei 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani kwa corona, Gautham Menon akatoa filamu fupi ya dakika kama 12, Karthik Dial Seytha Yenn. Silambarasan na Trisha, waigizaji wa ile ya kwanza, wamerudi kuwa Karthik na Jessie, kila mmoja kapigwa picha kwa simu akiwa peke yake. Karthik kakwama, hawezi kuandika. Anampigia Jessie, aliye na mume na watoto. Jessie anamtia moyo aandike. Ndiyo yote. Akka alinitumia usiku uleule, na tukabishana kwa ujumbe mpaka saa nane. Yeye aliipenda mno. Alisema hatimaye wawili hawa wanazungumza bila muziki kuwasemea, na kwamba yeye na baba yake wamejengana upya hivyo hivyo, kwa simu, kwa sentensi fupi, mwaka baada ya mwaka.

Mimi naona kilipungua kitu, na nilimwambia hivyo. Zirudie zile nyimbo saba uzisikilize tena. Karthik ana zake, tena kadhaa, za peke yake. Jessie anaitikia, anajibizana, anaingia nusu ya Mannipaaya. Hakuna hata mmoja ambao ni wake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye aliyekataa ndoa mbele ya altari, yeye ndiye aliyebeba neno la baba yake kifuani mpaka likamshinda, na kwa miaka kumi tumemjua kwa midomo ya mwanamume anayemlilia. Rahman alifanya muziki wa filamu ile fupi pia. Nafasi ilikuwepo. Na Thamarai yuko pale pale Chennai. Nani zaidi yake angeuandika?

Akka alijibu asubuhi, akasema niuandike mimi, kwa Kiswahili, naye atamtafutia Appa mtu wa kumfasiria.